Sweta Dogo Jeupe

Elinipa alianza kumshuku mumewe siku alipoona kile alichokuwa akifuma mama mkwe. Bibi Tusajigwe, aliyetoka Tukuyu kuja kuishi nao Pangani, Kibaha, alikuwa akifuma sweta la vifungo la kumtosha mtoto mchanga. Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga. Mtoto wao wa pekee, Atuganile, alikuwa mwalimu huko Marui, Kisarawe, hajaolewa, na tangu Pasaka hakuja nyumbani. Na kila Jumamosi Ipyana, mumewe, alikwenda hukohuko Kisarawe, eti kuangalia shamba la mihogo.

"Mama, hilo sweta la nani?"

"Mikono ikikaa bure inauma," Bibi alijibu bila kuinua macho.

Joto lote hili la Pwani, sweta? Elinipa akapika, akafua, huku akimchunguza mumewe. Jumamosi akamwona Ipyana akilificha sweta chini ya viatu vya shamba. Akamzibia mlango.

"Kumbe nina mke mwenza! Nani amekuzalia huko?"

Ipyana akamtazama mama yake.

"Mwambie, mwanangu," Bibi akasema. "Nimechoka kuficha."

"Ni la mjukuu wetu. Atuganile amejifungua. Alikuogopa."

Elinipa akakaa kizingitini. Wivu ulimtoka, pakaingia kitu kilichouma zaidi: mwanawe alizaa, na mama ndiye aliyefichwa. Akanyanyuka na kuchukua khanga yake.

"Nisubiri. Tunakwenda wote."