Upepo wa Babu

Manyoya ya bata yalikuwa yamenata shingoni mwa Chanthou, pale jasho lilipopita, na kila alipoinama kusukuma kitambaa chini ya sindano yalionekana kama upele mweupe. Phalla, dada yake, aliyekaa kwenye cherehani ya jirani, alinyoosha mkono akayapangusa. Muda si muda yakarudi. Laini yao, ya tisa, ilikuwa ya kujaza manyoya na kushona majaketi ya watu wa nchi za theluji, na joto la Aprili lilikuwa limelala juu ya mabati ya kiwanda tangu asubuhi.

Juu ya vichwa vyao ilining'inia feni kubwa ya chuma. Waya wake ulikuwa umefungwa fundo na plagi imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu upepo hupeperusha manyoya. Milango nayo ilitiwa kufuli, kwa sababu ya upepo huohuo na kwa sababu ya wezi.

"Umejikaza mno," Phalla alinong'ona.

Chini ya shati Chanthou alikuwa amejifunga tumbo kwa kitambaa cha miraba cha mama yao. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mikataba yao ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na hakuna mwenye tumbo aliyewahi kuongezewa mwingine.

"Nikilegeza litaonekana."

"Utaniua kwa wasiwasi."

"Afadhali nikuue wewe kuliko kumkosesha mwenye nyumba kodi yake," Chanthou alisema, akacheka kidogo. Mumewe alikwenda Thailand kwenye kazi za ujenzi, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu mwisho wa mvua za mwaka jana.

Mbele yao msichana mmoja akaanguka kiubavu, kimya, kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Wenzake wawili wakambeba mabega na miguu. Cherehani nyingine hazikusimama.

Msimamizi wa laini, Vuthy, alikuja kuangalia kiti kilichobaki wazi. Phalla akainuka nusu.

"Kaka Vuthy, tuwashie feni. Hata kidogo tu."

"Ya nini?"

"Watu wanaanguka."

"Mnaanguka kwa sababu hamli. Pesa yote mnawatumia mama zenu kijijini, halafu mnakuja kulala kazini kwangu." Wachache wakacheka, wale waliotaka aone kuwa wamecheka. "Nikiwasha hiyo, manyoya yote yatahamia Vietnam. Utakwenda kuyaokota wewe? Kaa chini. Na huyu mdogo wako, mbona ananenepa na hali ngumu hivi?"

"Ni wali, kaka," Chanthou alisema bila kuinua macho.

"Punguza wali, ongeza majaketi."

Kesho yake walianguka watatu kwa mpigo. Bi Sarom, aliyekuwa mtu mzima kuliko wote pale, alisema kinachowaangusha si njaa. Ni Babu, mzimu mwenye ardhi ile. Wenye kampuni waliukata mti wake, wakajenga vyoo juu ya kisiki, wala hawakumpa hata kijiti cha udi. Wanawake waliitikia kwa vichwa huku mikono ikiendelea na kazi.

Phalla aligeuka akaona midomo ya mdogo wake imekuwa ya rangi ya majivu.

Bibi yao alikuwa akipandisha mizimu. Phalla alipokuwa mtoto ndiye aliyemshikia bakuli la maji, akajua jinsi mabega yanavyoanza kutikisika, jinsi macho yanavyopinduka, jinsi sauti inavyotoka tumboni. Hakupanga. Alikisukuma kiti, akaanguka magotini, akatikisika.

"Nani amenifungia mlango?"

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika taa ya juu ikivuma. Vuthy alikuja mbio na mkono ameuinua. Akawaona wanawake wa laini nzima wamepiga magoti, viganja vimeunganishwa mbele ya nyuso. Akaushusha mkono, akapiga magoti naye.

Bwana Heng, meneja, ambaye hakuwahi kukanyaga laini ya tisa tangu Phalla aajiriwe, alishuka kutoka ofisi ya vioo. Akavua viatu.

"Babu, tumekukosea nini?"

"Wewe mtoto, umekaa juu yangu na hukunibishia hodi." Phalla aliziona soksi zake, nyeusi, safi. Maishani mwake hakuwahi kumwita bosi mtoto. "Nyumba yangu ina joto. Maji sina. Upepo sina. Umenifungia humu kama kuku."

"Tusamehe, Babu. Sisi wajinga."

"Feni unayo. Mbona hainipulizii?"

"Itakupulizia, Babu. Nakuahidi."

Hivyo ndivyo bibi alivyokuwa akisema. Mzimu hujisemea mwenyewe, njaa yake na kiu yake, na walio hai hupona kupitia hapo. Phalla hakujua namna nyingine ya kuomba.

Jioni, kwenye lori la kuwarudisha nyumbani, wanawake walimwachia nafasi ya kukaa. Chanthou akamshika mkono.

"Dada, Babu amekuchagua wewe. Sasa mtoto atazaliwa salama."

Phalla alitaka kumwambia ukweli. Lakini uso wa mdogo wake ulikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu shemeji yake aondoke, akamwacha aamini.

Siku chache baadaye kampuni ilitoa sadaka, saa ya chakula. Kichwa cha nguruwe, kuku wa kuchemsha, mikungu ya ndizi, soda nyekundu zenye mirija. Langoni kulikuwa kumejengwa kijumba kipya chenye paa la rangi ya dhahabu, na ndani yake sanamu ya Babu, mzee wa udongo, amekaa akitabasamu. Walipangwa mistari juani mpaka mzee wa ibada alipomaliza kusoma. Kisha Vuthy akatangaza kwamba muda uliotumika utafidiwa kwa kazi ya Jumapili. Wakaunganisha viganja, wakashukuru.

Waliporudi ndani walimkuta fundi wa umeme juu ya ngazi, anafungua skrubu za feni.

"Kaka, unaitengeneza?" Phalla aliuliza.

"Naihamisha."

"Inakwenda wapi?"

"Langoni, kwa mwenyewe. Si ameiomba?"

Feni ikateremshwa kwa kamba, ikapitishwa katikati yao, na vumbi lake likawaangukia vichwani. Bi Sarom alikuwa analia kwa furaha.

"Wamemsikia," alisema. "Siku zote hizi, leo wamesikia."

Chanthou alianguka wiki ileile. Hakuanguka kama wengine. Aliteleza taratibu mguu ukiwa bado kwenye pedali, na cherehani ikaendelea kushona mkono wa jaketi mpaka uzi ukakatika. Kwenye zahanati ya kiwanda muuguzi alilegeza kitambaa cha miraba, akatazama, akamtazama Phalla. Kulikuwa na damu. Gari la kampuni halitoki bila sahihi, na mwenye sahihi alikuwa amekwenda kula. Mtoto alitoka kabla ya sahihi.

Siku ya pili Phalla aliitwa ofisini. Chumba kilikuwa baridi hata jasho likamganda mgongoni. Bwana Heng alikuwa anachovya vipande vya embe bichi kwenye chumvi ya pilipili.

"Mkataba wa mdogo wako hauongezwi. Alituficha."

"Bosi." Phalla alishika ukingo wa kiti. "Siku ile hakuwa Babu. Nilikuwa mimi. Tuliokuwa tunaitaka feni ni sisi."

Bwana Heng alitafuna, akameza.

"Najua."

Phalla akauachia ukingo wa kiti.

"Nimeona wapandishaji tangu nikiwa mdogo, mama. Babu hatazami soksi za watu." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Babu anataka feni moja, na nguruwe mara moja kwa mwaka. Nyinyi mngetaka ngapi? Laini ya tisa wakipata, wa kumi watanyamaza?"

"Mdogo wangu amepoteza mtoto."

"Nimesikia. Pole." Akachukua kipande kingine. "Sasa shuka ukawaambie wenzako. Waambie ulimchezea Babu mbele ya macho yao, ukawapigisha magoti. Mimi sitakufukuza kazi. Sidhani kama nitahitaji."

Phalla alipofika mlangoni, Bwana Heng akamwita tena, kwa upole.

"Mwakani joto likizidi unaweza kupandisha tena. Ila uombe kidogo."

Chanthou alikuja mwisho wa wiki kurudisha kitambulisho na aproni. Kengele ya kutoka ilipolia, Phalla alimkuta langoni, amepiga magoti mbele ya kijumba, shingo imekonda, udi mkononi. Feni ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha mzee wa udongo. Wanawake waliopanga foleni ya kupekuliwa walipunguza mwendo kila walipofika pale, wakainua ukosi wa shati kidogo ili upepo uingie, na mlinzi akawasukuma kwa rungu lake.

"Songeni. Huo upepo wa Babu. Asiye na udi asisimame."

Chanthou aliwasha kibiriti. Kikazimika. Akawasha kingine, kikazimika. Vijiti vya kibiriti vilivyoungua nusu vilikuwa vimejaa mbele ya magoti yake.

"Ananikataa," alisema. "Nilimficha mtoto, dada. Nilimfunga. Ndiyo maana Babu amekasirika."

Phalla alifungua kinywa. Nyuma yake alisimama Bi Sarom, na nyuma ya Bi Sarom laini yote ya tisa, viganja vimeunganishwa, wanamngoja aseme.

Akapiga hatua moja, akasimama kati ya mdogo wake na feni. Upepo ukamwingia chini ya shati, ukamkausha mgongo wote, ukayabandua manyoya shingoni mwake ukayarusha kwenye nywele za Chanthou. Kibiriti kikashika, udi ukawaka.

"Umewaka," Chanthou alisema, huku machozi yakimtoka. "Dada, umeona? Amenisamehe."

"Wewe, songa," mlinzi alisema. "Unamzibia Babu."

Phalla hakusonga. Alikuwa amefumba macho, na upepo ulikuwa mtamu.