Kopo la Vifungo

Muuza dawa alikuwa na mama yake, fundi cherehani, aliyesumbuliwa na baridi yabisi ya vidole na vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Kwa sababu ya tumbo hilo, mwanawe alimpa parasetamoli peke yake. Alimweleza mara nyingi kwamba hiyo hutuliza maumivu lakini uvimbe haiugusi. Dawa za kuondoa uvimbe zingemchimba tumbo mpaka litoe damu.

Vidole vya mama havikuweza kubonyeza vidonge kutoka kwenye pakiti. Basi kila Jumapili mwanawe alimbonyezea, akavimimina katika kopo kuukuu la vifungo. Vyote vyeupe, vya mviringo. Mteja angefanya hivyo angemgombeza, lakini Waswahili husema mganga hajigangi.

Dada yake muuza dawa alikuja kusalimia, akamkuta mama anaugulia. Hakujua habari za vidonda. Mama hakuwa mtu wa kulialia. Dada alinunua diklofenaki, dawa ya kuondoa uvimbe yenye vidonge vyeupe vya mviringo vilevile, akaibonyeza yote ndani ya kopo kama alivyoona kaka yake akifanya, akatupa pakiti.

Siku chache baadaye vidole vilinywea. Mama akarudi kwenye cherehani, akashona kola ya shati, akawatambia majirani kuwa mwanawe ana mkono wa baraka. Muuza dawa alivishika vidole vile laini, akacheka kwa furaha. Sifa zilimlevya, na mtu aliyelewa haulizi.

Wiki ya tatu mama alitapika damu juu ya kitambaa alichokuwa akikata.

Hospitalini dada alieleza alichotia koponi. Daktari alimgeukia muuza dawa, akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini:

"Uvimbe ulipopungua, wewe hukushtuka?"

Somo la kwamba parasetamoli haigusi uvimbe alilifundisha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kila Jumapili.

Mama alifariki adhuhuri. Dada alijitupa sakafuni.

"Kaka, ni mimi niliyemuua mama?"

Muuza dawa alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa na macho, akaona uvimbe umepungua, asiulize kwa kupenda kusifiwa. Aliinama akamshika mama mkono. Vidole vilikuwa vyembamba, vimenyooka, havina uvimbe hata kidogo, na dada yake bado alikuwa akingoja jibu.