Kidole cha Ukoo

Ukoo wa mumewe haukuwa na shamba wala jina la kumtisha mtu, ila ulikuwa na kidole. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilipanda juu ya gumba kikajilaza hapo, kama mgeni aliyelala kitandani na viatu. Babu alikuwa nacho, mashemeji wote walikuwa nacho, na walikionea fahari utadhani walikinunua.

Mume hakuwa na fahari hiyo. Alikuwa mlinzi wa benki, kazi ya kushinda amesimama ndani ya buti, na kila akirudi alivua soksi huku ameuma meno. Sugu ya kidole kile haikupona maisha yake yote. Mtoto wao wa pekee alipozaliwa nacho, baba aliapa kwamba huyu hatateseka. Daktari wa miguu akawapa kifaa: kibao chembamba cha plastiki kinachokaa chini ya vidole, na mkanda wa kukivuta kile kilichopanda kirudi mahali pake. Baba alimfunga mwenyewe, akimwimbia. Wakwe walikuwa mbali, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba kidole cha ukoo kinatibiwa kama ugonjwa. Mtoto alipoanza shule, kilikuwa kimenyooka.

Kisha baba akaanguka kazini, asiamke tena.

Chumba walichokaa kilikuwa cha mwajiri, naye akakitaka. Mjane hakuwa na pa kwenda ila vyumba viwili vya uani nyumbani kwa wakwe. Akampigia simu shemeji mkubwa.

"Mtoto hafanani na sisi hata kidogo," shemeji akasema. "Mlete mwisho wa mwezi ujao, tukae kikao. Tutaangalia mguu."

"Na kama mguu ulitibiwa, shemeji?"

"Utibiwe una nini? Ukija na hadithi hiyo, tutajua mtoto ulikomtoa."

Mjane alikata simu, akakaa. Alimpenda mtoto wake kuliko macho yake, na kwa sababu hiyo akafanya alichofanya. Alikitoa kile kifaa kabatini, akakigeuza. Mkanda uliokuwa ukikivuta kidole chini, sasa ukakivuta juu ya gumba.

"Mama, umekosea," mtoto akasema. "Baba alikuwa anafunga huku."

"Tulia."

"Baba alisema kikipanda kitaniuma."

"Baba hayupo. Leta mguu."

Akakaza. Siku za mwanzo mtoto alilia kwa sauti, baadaye akawa analia kimyakimya, na hicho ndicho kilichomchoma mama zaidi. Alijichukia, tena sana, lakini kila asubuhi alikaza zaidi ya jana. Kidole, ambacho nacho kilikuwa hakijasahau kwao, kikaanza kupanda.

Siku ya kikao sebule ilijaa. Mama mkwe, aliyekuwa hajanyanyuka vizuri tangu amzike mwanawe, aliomba aletewe mtoto. Akamvua kiatu, akamvua soksi. Mtoto akashtuka kwa maumivu. Bibi akakishika kidole kile kilichovimba, akalia mpaka mabega yakatikisika.

"Ndicho," akasema. "Mwanangu amerudi."

Mjane akashusha pumzi. Akaanza hata kuwaza pazia la vyumba vya uani.

"Basi yamekwisha," shemeji akasema. "Mtoto ni wetu, atalelewa na bibi yake. Wewe shemeji bado kijana, utaolewa. Gari lako la kurudi linaondoka saa tisa."

"Nirudi wapi bila mtoto?"

"Kwenu. Ulikuja kutuambia ni damu yetu. Tumekubali."

Mjane alitazama huku na huku, hakuna aliyemtazama. Akapekua mkoba, akakitoa kile kifaa, akakitupa juu ya meza.

"Si wenu. Mguu wake ulikuwa umenyooka. Nimekipinda mwenyewe kidole, kwa hiki, ili mnipe vyumba."

Shemeji akakiokota, akakigeuzageuza, akakiweka chini ya vidole vyake mwenyewe, akavuta mkanda. Kidole chake kikashuka kikalala sawa na wenzake.

"Hiki ni cha kunyoosha," akasema. "Mtoto kavimba namna hii, kumbe ulikuwa unamnyoosha."

Mama mkwe alimwangalia mkwewe kwa macho makavu. "Ulitaka kumfuta mwanangu," akasema. "Mtoeni mbele yangu."

Mashangazi wawili wakamshika mikono, kwa upole kabisa, wakampeleka mlangoni. Mtoto alishuka haraka kwenye kiti ili amfuate, akajaribu kuvaa kiatu. Hakikuingia. Akasukuma, akasukuma tena, machozi yakamtoka.

"Acha, mjukuu wangu," bibi akamwambia. "Hapa ni kwenu, tembea peku."