Jeshi la Matawi Mabichi

Kabla ya vita vya Maji Maji, moto wa mlima Matogoro ulikuwa na adabu zake. Hironimus aliukumbuka vizuri. Majani yakiwa bado hayajakauka sawasawa, wazee waliuwasha wenyewe, nao ukatambaa polepole, ukifika kwenye mashamba ya ulezi unasimama kama mkwe aliyefika mlangoni. Wanaume walijipanga mstari, baba yake katikati, wakisubiri ndezi, wale panya wakubwa wa majanini, waukimbie moto. Na ndezi wa siku zile! Waliokuwapo wanaapa kwamba mmoja alinenepa mpaka akakwama kwenye shimo lake mwenyewe, kichwa ndani, makalio nje, akasubiri kuchinjwa kwa heshima.

Halafu vita vikaja, baba hakurudi, na baada ya vita ikaja njaa. Wajerumani wakakataza moto wowote porini, ukiwasha, kiboko. Miaka mitatu majani yakaota juu ya majani, hata mtu mrefu akipita humo ulijua tu kwa kumsikia akikohoa. Mwishowe Mzungu wa misitu akaingiwa na hofu, akaajiri vijana wa kuulinda mlima, kwa ujira wa nguo na chumvi.

Hironimus aliingia kazini kwa sababu moja. Kihenge cha mama yake, Chiku, kilikuwa mguuni pa mlima, na mwaka ule kilijaa ulezi kwa mara ya kwanza tangu njaa.

"Hiki kikiungua," mama alimwambia, "mimi kuchimba mizizi tena siwezi. Mtanizika."

Mwalimu wao alikuwa nyapara Swalehe, Myao wa Tunduru, mwenye sauti ya kuangusha maboga. Aliwafyekesha njia pana ya kuzuia moto ubavuni mwa mlima, wakalima mpaka udongo mtupu. Kisha akawafundisha kupiga moto. Ila moto wenyewe ulikuwa marufuku, hata wa kujifunzia, basi akatundika kitambaa chekundu kati ya miti miwili.

"Matawi begani! Piga! Oswald, unaupiga moto au unaufukuzia nzi?"

"Bwana Nyapara, moto wenyewe umelala."

"Basi uamshe, ukuunguze hiyo midomo!"

Walikiua kitambaa kile mpaka kikawa nyuzi. Hironimus alipiga pamoja nao, lakini moyoni alijua: baba yake angecheka mpaka akae chini.

Moto wa kweli ukaja Septemba, saa ya adhuhuri, kutoka ng'ambo ya mlima. Huu haukutambaa. Ulikuja ukinguruma, na kunguru walioruka juu yake, wanasema, walitua mbali kule Ruhuwiko wakiwa wamekwisha kuiva. Vijana wakasimama kwenye njia yao, matawi mabichi mkononi, wakazipiga cheche zilizovuka. Walisimama vizuri, kwa kweli. Swalehe alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Ndipo ndezi wakatoka.

Wakatoka majanini makundi kwa makundi, wakapita katikati ya miguu ya vijana. Sasa, mtoto wa Kingoni amelelewa akijua kwamba moto ukija na ndezi wakikimbia, mtu huwafuata ndezi. Oswald alitupa tawi. Wenzake wakatupa. Kufumba na kufumbua jeshi lote lilikuwa linateremka mlima likipiga kelele za mawindo.

"Rudini! Rudini, wana wa laana!" Swalehe alipiga yowe. Nani amsikie?

Hironimus mwenyewe mguu ulikwisha kunyanyuka. Ndezi mmoja alimgusa kisigino, mnono. Akatazama chini: kihenge cha mama kile pale. Nyuma yake cheche zilikuwa zimeshika majani upande wa pili wa njia. Peke yake asingeweza.

"Mama!" akaita. "Njooni mchukue nyama!"

Chiku alikuwa pale kihengeni na wanawake wenzake, mitungi ya maji kichwani. "Nyama? Moto huu unaokuja huuoni?"

"Hawa hawatarudi motoni mpaka nyama ipate wa kuichukua!"

Chiku akaelewa. Aliweka mtungi chini, akachukua mchi. Wanawake wakachukua michi yao, wakapanda.

"Oswald wa Walburga!" aliita Chiku. "Mama yako huyu hapa na mchi. Ndezi ni wetu, moto ni wako. Anayeacha moto leo halambi hata mfupa!"

"Hata mchuzi!" akaongeza Walburga.

Vijana wakasimama, wakatazamana, wakarudi mbio zaidi kuliko walivyoteremka. Walipiga moto kwa matawi, kwa nguo zao za ujira, Oswald kwa kofia ya Swalehe. Huku nyuma michi ilidunda juu ya ndezi kama siku ya harusi. Jua lilipoinama, moto ulikuwa majivu ubavuni, na kihenge kilikuwa kimesimama.

Nyama ikachomwa na kugawiwa pale pale kihengeni. Chiku alikata mgongo, fungu la mwenye mawindo, akaugeukia ule upande ambao mumewe alizoea kukaa. Mkono ukakaa hewani kidogo. Kisha akampa Hironimus.

Alitafuna.

"Wa zamani walikuwa wanono zaidi," akasema.

"Ndezi ni wale wale, baba," mama akajibu, akichochea jiko. "Ila zamani tulikuwa wengi tukiwagombania. Kula."