Kitabu Kilichovaa Mkono wa Sweta

Usiku wa kuamkia leo niliota jina langu limenipigia simu kutoka maktaba ya kata.

"Otilia," likasema, "njoo. Miguu imevimba."

Sikushangaa. Mwezi wa pili Mama Mwalongo, anayetunza maktaba, alibandika mlangoni orodha ya vitabu vipya vitakavyokuja likizo ya mwezi wa sita. Mimi nikachagua kile cha hadithi ya mama fundi saa, nikajiandikisha kwenye daftari la foleni, nikawa wa kwanza. Tangu siku hiyo nasubiri. Kazi yangu ni kufuma masweta hapa Njombe, na kila nikikiwaza kile kitabu hesabu inanipotea, mkono wa sweta unaharibika. Mkono wa kijani wa Shemasi Kikoti nimeufumua mara tatu. Bado ni mpana na mfupi, kama wa mtu aliyeishia kwenye kiwiko.

Nikafika maktaba bila kutembea. Foleni imetoka daftarini, imejipanga uwanjani. Majina matupu, bila watu. Langu liko mbele, herufi zimelegea.

"Wewe umekaa kwenye kigoda miezi minne," linaniambia. "Mimi nimesimama."

"Pole."

"Pole haikaliwi."

Nyuma yake kuna jina refu lenye tai ya shule. Ni jina la Evaristo, mtoto wa jirani yetu, yuko kidato cha nne na amerudi likizo.

"Dada, hebu tupishe," likasema. "Kitabu kina kurasa mia mbili na arobaini. Ninyi mlioishia darasa la saba mtazifikisha wapi?"

Jina langu likaniangalia. Mimi nikaangalia viatu. Nilijua likitoka tu kwenye mstari, kitabu kitaondoka na Evaristo mpaka bwenini, na mwaka wote nitaumaliza nikisoma maelezo ya mfuko wa mbolea.

Hapo uwanja ukawa shamba la viazi. Mama Mwalongo kafunga kitenge kiunoni, anachimba tuta kwa jembe. Anachimbua katoni.

"Vimekomaa," akasema.

Vitabu vikatoka kimoja kimoja, vinanukia gundi. Cha fundi saa kikaja mpaka mbele yangu.

"Kamwene," nikakisalimia.

"Kamwene," kikajibu, kurasa zinagongana kama meno. Baridi ya mwezi wa sita unaijua.

Mama Mwalongo akanyoosha jembe kwenye karatasi ya sheria za maktaba, ambayo sasa ilikuwa imebandikwa kwenye hewa. Sheria ya kwanza: kitabu kipya hakitoki bila kava.

"Na hiki kiko uchi," akasema. "Sitaki aibu kwenye kata yangu."

Jina la Evaristo likatoa gazeti.

"Lina habari za misiba," kitabu kikasema. "Nitalala vibaya."

Likatoa kalenda.

"Ya mwaka juzi hiyo. Mimi ni kipya."

Likatoa mfuko wa saruji. Kitabu kikapiga chafya, koma tatu zikadondoka. Mama Mwalongo akaziokota, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Mimi nilikuwa nakitazama tu. Nikaona kwamba kurasa zinafuata mkumbo. Kinachotetemeka ni mgongo.

"Baridi imekuingia mgongoni," nikasema.

"Tangu kiwandani," kikajibu kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeuliza."

Nikatoa mkono wa Shemasi, nikakivisha. Ukaingia sawasawa, kama vile nilikipima.

"Hapo sasa," kikasema.

"Hii si haki!" jina la Evaristo likalalamika. "Hakuna hata mtihani?"

"Mtihani upo," kitabu kikasema. "Ukifika ukurasa wa kumi, utafanya nini?"

"Nitaandika muhtasari!"

Kitabu kikajikunyata ndani ya sufu. "Na wewe, Otilia?"

"Nitaenda wa kumi na moja."

Viazi vikatoa vichwa kwenye udongo, vinanitazama.

"Na ukimaliza?"

"Nitakaa kidogo. Halafu nitampelekea Evaristo, akisome kabla hajarudi shule."

Jina la Evaristo likalegeza tai. "Asante, dada," likasema. "Muhtasari wenyewe nilikuwa sitaki."

Kitabu kikapanda mapajani mwangu. Jina langu likaketi chini kwa mara ya kwanza tangu Februari, likacheka, likacheka, mpaka nukta moja ya juu ya i ikaruka ikaangukia kwenye tuta. Nikaanza kuifukua kwa vidole.

"Huyo fundi saa," nikakiuliza huku nafukua, "mwishoni anaolewa?"

"Otilia!" kitabu kikasema. "Miezi minne umeweza. Hii asubuhi moja itakushinda?"

Nikaamka. Jua limeshafika dirishani. Kwenye kigoda sindano zangu mbili zimelala tupu, na mkono wa Shemasi haupo, si juu ya kigoda wala chini ya kitanda. Simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni Mama Mwalongo.

"Otilia kamwene. Katoni imefika sasa hivi. Chako kina kava tayari, ya sufu, sijui nani kakivisha huko njiani. Njoo usaini. Na uje na kalamu, jina lako daftarini limepungukiwa nukta."

Nikatafuta viatu. Nilipokuwa nafunga kamba nikaiona, nyeusi, ndogo, imeganda kwenye kidole gumba. Nikakinyanyua kidole juu, nisije nikaidondosha njiani, nikatoka mbio.