Jembe la Mwalimu Ndalahwa

Mimi Kashindye nimeona watu wengi wakila matapishi yao, lakini Mwalimu Ndalahwa aliyala hadharani, na soksi zake ndefu miguuni.

Huyu ndiye aliyekuwa akifundisha afya na mazoezi ya viungo shuleni kwetu, hapa Kisesa. Bado enzi za Mwingereza, alimkuta binti yangu Paskazia uwanjani akiwaonyesha wenzake bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia, jembe analirusha juu na kulidaka. Eti ushenzi, unaharibu mwili wa mwanafunzi! Kwake yeye mazoezi ni kusimama mstari na kunyoosha mikono kama nguo zilizoanikwa. Paskazia akamjibu kwamba ngoma ndiyo inayomfundisha mtu kupinda magoti asivunjike kiuno. Akafukuzwa. Darasa la sita! Akarudi kupalilia pamba nami, sare yake akaikunja akaiweka chini ya mto.

Uhuru ukaja. Ikasemwa mgeni rasmi atatoka Mwanza mjini kutazama mazoezi ya shule, na anataka ngoma za wenyeji. Nani nikamwona mlangoni kwangu? Ndalahwa!

"Shikamoo, mama."

Loo! Siku zote alikuwa akinipita kama kisiki.

"Marahaba. Ule ushenzi leo unaitwaje?"

"Ni utamaduni, mama. Naomba Paskazia aje awafundishe watoto."

"Mrudishe darasani kwanza."

"Nafasi yake ilishajazwa. Hilo haliwezekani."

Nilikuwa nimeshaokota ufagio, lakini Paskazia akanishika mkono. "Nitakwenda, mama." Roho iliniuma. Akawafundisha wiki nzima, hata kikombe cha uji hakupewa.

Siku yenyewe alivaa ile sare, imembana mabegani. Ndalahwa naye, kwa kupenda sifa, akashika jembe akatangulia mbele. Magoti makavu! Akalirusha, kisha akalikimbia jembe lake mwenyewe. Watu tulicheka mpaka machozi. Paskazia akaruka akalidaka, ngoma ikaendelea.

Mgeni akaja kumpa mkono. "Hongera, binti. Uko darasa la ngapi?"

Paskazia alimgeukia mwalimu, akamtazama tu.

"La saba, mheshimiwa," Ndalahwa akadakia, jasho likimtoka.

Jumatatu asubuhi nikampeleka Paskazia shuleni, sare nimeshaipanua. Ndalahwa akaanza, "Mama, nilikwambia nafasi..."

"Mgeni amesikia, Kisesa nzima imesikia, binti yangu yuko la saba. Au ulisema uongo, mwalimu? Sema, nipande basi sasa hivi nikamweleze."

Akaenda stoo mwenyewe kutoa dawati, akaliinamia na yale magoti yake makavu.

"Pinda magoti, mwalimu," nikamwambia. "Utavunjika kiuno."