Mgonjwa wa Mbale na Boti ya Khainza

Katika wanawake wote waliotoka Nakaloke, kule Mbale, hakuna aliyejua kuendesha boti kumshinda Khainza. Ni kweli, hakuna mwingine aliyewahi kujaribu. Na yeye mwenyewe alikuwa ameiendesha mara moja tu, ikiwa bado imefungwa kamba kwenye gati la Jinja.

Boti yenyewe ilikuwa nyumba yenye injini: vitanda viwili, jiko la gesi, na choo kisichompenda mtu mnene. Mumewe Geresom, afande mstaafu wa magereza, aliinunua kwa Mkenya aliyerudi kwao Kisumu, kisha akatangaza kila penye chupa kwamba atafuata pwani ya ziwa, ghuba kwa ghuba, mpaka Bukoba kwa binti yao Night. Night alikuwa amejifungua mapacha, na Khainza alikuwa hajawabeba bado. Wangeweza kupanda basi, ndiyo. Lakini kwa basi unapelekwa kama gunia. Kwa boti unahama na jiko lako. Tena Nakaloke nzima ilishaambiwa, na aliyewaambia ni Khainza mwenyewe.

Basi akajiandaa. Sufuria alizifunga ukutani kwa vipande vya gauni lake kuukuu la gomesi, zisije zikacheza ngoma mawimbi yakija. Unga na mchele akavitia kwenye ndoo zenye vifuniko, akazigawa kulia na kushoto ili boti isilalie ubavu. Bruhan, fundi wa injini kutoka Budondo ambaye ndiye angekuwa nahodha, alimfundisha kumwaga maji yanayojificha kwenye chujio la dizeli, na kung'oa magugu maji yaliyojisokota kwenye mapangaboi ya injini.

Kazi ikakaribia kwisha, na hapo ndipo Geresom alipoanza kuona kasoro.

"Hii pampu ya kutoa maji mimi siiamini," alisema, amesimama nchi kavu.

Bruhan akabadilisha pampu.

"Na hiyo kamba ya nanga ni ya kufungia mbuzi."

Khainza akaleta ya kufungia ng'ombe.

"Jaketi za kuokolea nazo zimepauka."

"Zinaelea, Afande," alisema Bruhan. "Haziendi harusini."

Khainza akavaa ya kwake, akaenda nayo sokoni kununua vitunguu, akarudi nayo vilevile. Watu walicheka, Geresom hakucheka. Ndipo mkewe akaanza kumtazama vizuri. Mtu huyu kila jioni alikuwa na sababu ya kurudi kulala nyumbani kwao Nalufenya, hapohapo Jinja: leo wezi, kesho panya. Kwenye ubao wa kupandia alishika kamba kwa mikono miwili, kama mtoto anayejifunza kusimama. Khainza akatazama pembeni. Mwanamume mwachie heshima yake, mradi aje nayo safarini.

Bruhan akasema ziwa limetulia, waondoke Jumatano. Jumanne asubuhi Geresom akaja na uso wa msiba.

"Mama Night, kaka yangu Wanyama yuko hoi huko Mbale. Nimepigiwa simu. Safari ingoje."

"Pole, Baba Night. Twende wote."

"Hapana. Ugonjwa wenyewe unaambukiza."

Akaondoka. Khainza akakaa kwenye jiko lake lisilohama, akamenya ndizi bila hamu. Kumwombea mgonjwa alimwombea. Ila kila akifika katikati ya sala wale mapacha wanaingia, anaomba msamaha, anaanza upya.

Alasiri ubao wa kupandia botini ukalia. Mtu mrefu akaingia ameinamisha kichwa, begani ana gunia linalonukia moshi.

"Hodi, shemeji. Mnataka kwenda kwenye mapacha bila malewa? Watoto watauliza sisi ni Bamasaba gani."

Alikuwa Wanyama. Alikuwa amenenepa. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, kwa Bamasaba wa ukoo wao hayatumwi. Mkubwa wa nyumba huyaleta kwa mkono wake mwenyewe. Laiti Geresom angelikumbuka hilo kabla ya kuchagua mgonjwa.

Khainza alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akampakulia ndizi, akamwambia ale asiseme neno, akapiga simu na kufungulia sauti.

"Baba Night, umefika?"

"Nimefika. Nimekaa hapa kitandani kwake."

"Anakula?"

"Wapi. Hata uji unarudi."

Wanyama akaacha kutafuna.

"Nisalimie basi."

"Hawezi kujibu, Mama Night. Sauti imekatika tangu jana."

Khainza akaisukuma simu upande wa pili wa meza.

"Geresom," alisema Wanyama, mdomo umejaa, "kesho alfajiri wanawasha injini. Wewe nenda safari, ndugu yangu. Mimi nitaugua peke yangu."

Ndani ya simu kukasikika jogoo wa jirani yao wa Nalufenya, anawika kwa raha zake.

"Amepata nafuu," alisema Geresom.